Naomba Chumvi

Siku ya kwanza nilisema, "Naomba chumvi,"
duka zima la Dorsila likageuka.
Kijana wa mkate akanong'ona: huyu mama anaomba,
utadhani nimetandika mkeka mlangoni mwa kanisa.
Kwetu Newala hata maji ya kunawa huombwa,
hata njia, kwa mtu aliyesimama katikati yake.
Nikabaki na sarafu ngeni kiganjani
nikiigeuzageuza, sijui juu ni wapi.
Dorsila akapima chumvi, akafunga gazeti.
"Hapa sema nipe. Anayeombwa ni Mungu."

Nilikuja Kisumu na begi la bisibisi,
fundi wa hadubini, hospitali tatu, miaka miwili.
Nyuma ya tiketi niliandika mambo ya kufanya:
kupanda jiwe la Kit Mikayi,
kumwona kiboko akitoka majini usiku,
kuvuka hadi Rusinga, nilale huko.

Sikuandika wadudu wa ziwani.
Walikuja saa moja jioni kama moshi wenye mabawa,
wakaingia kwenye taa, kwenye wali,
kwenye sala yangu, nikamtema mmoja kabla ya amina.
Nyagweth wa chumba cha pili akanicheka:
"Wanaishi siku chache tu, anti.
Waache nao waone mji."

Sikuandika mrenda wa apoth unaovutika
kutoka sufuria hadi kidevu,
wala osuga, uchungu wake uliolazwa kwenye maziwa
na bado ukaamka.
Sikuandika bomba linalokauka Jumatano
na ziwa zima liko pale, linameremeta, halina habari.
Kwetu tulipanga madumu foleni tangu alfajiri.
Nikacheka peke yangu jikoni:
kiu imenifuata,
imepata hadi namba ya nyumba.

Kazini nafungua lenzi nakuta kuvu
imechora mito midogo juu ya kioo.
Unyevu wa huku hauna adabu, unapenya popote.
Napangusa kwa spiriti, polepole, kama uso wa mtoto.
Nyangweso wa maabara huniuliza kila Jumatatu,
"Bado hujatoroka?"
Nami: "Kuna skrubu moja imenipotea.
Nikiipata, naondoka."

Nilianika kanga. Dorsila akasimama mbele yake
kama anayesoma tangazo la kifo.
"Imeandikwa nini?"
NIMEFIKA, SIKULETWA.
Akaguna. Akaizunguka.
"Ukienda kwenu niletee moja
yenye neno la kumkosesha wifi yangu usingizi."

Kit Mikayi nilipanda, goti likachubuka.
Wanawake wenye majoho walikuwa wakisali kwenye ufa wa jiwe,
upepo ukanivua mtandio ukautundika kwenye mchongoma.
Huko juu, mahali nilipopaota mwaka mzima,
harufu ya omena ikapanda kutoka jiko la mtu
na nikakumbuka kunde nilizoziacha kwenye maji.
Nikashuka haraka.

Kiboko sijamwona. Nimemsikia,
anakohoa gizani kama mlinzi aliyechoka.
Rusinga bado.

Jana mvua ya saa kumi ilipiga mabati
hata simu nikaiweka sikioni kwa mikono miwili.
"Mama, nipe habari za huko."
Kimya. Kisha, kutoka ng'ambo ya mikorosho:
"Nipe? Nani amekufundisha kuamrisha watu?"
Nikataka kumweleza habari ya Dorsila,
ya chumvi, ya Mungu anavyoombwa huku,
lakini alikuwa keshaanza kunihesabia
nani kaoa, nani kazikwa, ming'oko mwaka huu kiasi gani.

Usiku, nikitafuta sindano,
nikaikuta skrubu kwenye pindo la begi,
ndogo kama punje ya mtama.
Nimeitia kwenye kopo la chumvi, chini kabisa.
Nyangweso akiuliza Jumatatu
nitamwambia naendelea kutafuta.